Bakuli la unga la Wapueblo: limechakaa au limechakachuliwa?

SWALI: Nimenunua bakuli kubwa la udongo la Wapueblo, wenyeji asilia wa kusini-magharibi mwa Marekani, kutoka kijiji cha Kewa (Santo Domingo), New Mexico. Nje lina michoro myeusi juu ya rojo jeupe (udongo laini wa majimaji unaopakwa kabla ya kuchoma), lakini ndani limechubuka hadi udongo mwekundu unaonekana. Nimepunjwa? Na je, naweza kukandia unga wa maandazi humo?
Msomaji, Albuquerque

JIBU: Hujapunjwa, ikiwa mchubuko uko mahali pake. Ngano ilishika mizizi New Mexico baada ya Wahispania kuweka makazi mwaka 1598, na mikate ya tanuri la udongo la uani ikawa chakula cha sikukuu. Kukandia unga wa ukoo mzima kulitaka bakuli la upana wa sentimita 40 au zaidi. Unga ulifunikwa ukaumuka humohumo. Ndiyo maana mabakuli ya Kewa yamechorwa nje, ndani pakaachiwa ngumi.

Mulika tochi kwa ubavu. Uchakavu wa kweli uko chini na kwenye ubavu wa chini, ngumi zinapofika, na rangi inafifia kidogokidogo. Ukipitisha kidole hukuti ukingo. Ligeuze: kitako nacho kiwe kimesuguliwa, maana lilizungushwa sakafuni likifanya kazi. Mikwaruzo iliyonyooka yote upande mmoja, na kitako kingali kipya? Shuku msasa. Kisha ligonge taratibu kwa kifundo cha kidole. Bakuli zima hulia. Lenye ufa hutoa sauti butu, hata kama ufa umepakwa rangi.

Maandazi, tafadhali, kandia kwenye sufuria. Udongo huo ulichomwa kwa samadi, nje, kwa joto lisilofika la kaure, kwa hiyo unanyonya. Maji yakiingia huyeyusha chumvi iliyomo vinyweleoni. Yakikauka, chumvi inakuwa fuwele chini ya rojo na kulibandua magambagamba. Kwa sababu hiyohiyo usilioshe. Vumbi litoe kwa brashi laini, na ulibebe kwa mikono miwili ukilishika kitakoni, kamwe usilinyanyue kwa kushika ukingo wake wa juu.

SWALI: Hakuna chombo cha Wapueblo cha kupikia leo?

JIBU: Kipo, na ni kizuri mno kwa maharage: chungu cha Taos au Picuris, vijiji vingine vya Wapueblo. Udongo wake unameta kwa maika, madini ya magamba yanayong'aa, ambayo husaidia chungu kuhimili moto. Anza na moto mdogo, maji yakiwa ndani, wala usimwagie maji baridi chungu kikiwa cha moto.