Jibu: Dereva anataka nisaini kabla sijafungua mzigo

Ndugu, umeuliza kama ni sawa dereva wa kampuni ya vifurushi kukulazimisha usaini kabla hujafungua boksi. Usisaini! Mimi nilisaini hapa Mwanga, Kigoma, na hadi leo inaniuma.

Niliagiza cherehani kutoka Kariakoo. Kikafika siku 9 baada ya tarehe niliyoahidiwa. Dereva hakuzima hata injini, akaninyooshea karatasi: "Saini mama, nawahi Ujiji." Kona ya boksi ilikuwa imebonyea, selotepu imebandikwa juu ya selotepu. Kufungua ndani, gurudumu la kuzungushia vipande viwili. Ofisini wakanionyesha sahihi yangu: "Ulipokea kizima." Hicho ndicho kilikuwa kitega uchumi changu.

Piga picha boksi likiwa bado kwenye gari, fungua mbele yake, na kasoro yoyote iandike kwenye karatasi hiyohiyo kabla ya kusaini. Risiti itunze. Anza kulalamika kwa kampuni, kwa maandishi. Wakikuzungusha, peleka TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania). Wao husimamia kampuni za kusafirisha vifurushi pia, si simu tu (wengi hatulijui hili). Barua yangu nimeshaipeleka.