Jua kali peke yake haliwashi msitu
Umeuliza kama joto la kiangazi linaweza kuuwasha msitu bila mkono wa mtu. Kwa kawaida haliwezi, kwa sababu mti mkavu huhitaji joto la nyuzi 300 hivi za Selsiasi ili ushike moto, na hakuna siku ya jua inayokaribia kiwango hicho. Kazi ya jua ni kukausha majani na vijiti hadi cheche ndogo itoshe. Cheche hiyo pengine hutokana na radi, lakini katika sehemu nyingi chanzo ni binadamu: moto wa kusafishia shamba uliomshinda mwenyewe, tanuri la mkaa, kipande cha sigara, au waya wa umeme ulioangushwa na upepo.

Kuenea kwa moto ndiko kunakostahili kutazamwa zaidi. Upepo huuletea moto hewa, huilaza miali yake juu ya nyasi ambazo bado hazijaungua na, jambo ambalo wengi hulisahau, hurusha mbele vipande vya magome yanayowaka, wakati mwingine zaidi ya kilomita moja, hivyo barabara au mto si kizuizi cha kutegemewa. Mlima nao huuchochea: moto unaopanda huikausha mimea ya juu kabla ya kuifikia, na kwa makadirio ya wazima moto mwendo wake huongezeka takriban maradufu kwa kila nyuzi 10 za mwinuko. Usiku hewa inapopoa na kupata unyevu moto hutulia, ingawa mizizi inaweza kuendelea kufuka chini ya udongo kwa siku nyingi.