Barua kwa mwanangu: saa ni ya serikali, maji ni ya Mungu

Mwanangu,

Assalaam alaykum. Mzigo umefika kwa mkono wa ami yako, barua nimeikuta ndani ya kanga. Unauliza kwa nini nimekataa mkataba wa kufundisha skuli ile ya binafsi ya mjini Chake Chake, hapa Pemba, na kama sichoki kukaa bure tangu nistaafu.

Kwanza, sikai. Bamvua lote, siku za maji makubwa, nilikuwa pwani, na sasa yameingia maji mafu, yasiyopwa sana, ndiyo nimepata wasaa wa kukuandikia. Bibi yako, Mungu amrehemu, alikuwa akisema saa ni ya serikali, maji ni ya Mungu, nawe ukimcheka. Mimi naona alisema kweli tupu.

Hebu hesabu mwenyewe. Huku kwetu siku za bamvua, mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, maji hupwa hasa mnamo saa nne asubuhi. Hupwa na saa nne usiku, lakini nani aende mwambani na kiza? Wiki ya pili yake yanapwa jioni, ila hayo ndiyo mafu, hayafunui kitu. Maana yake maji mazuri mengi ya miaka yangu ya kazi yalitoka mimi niko darasani. Nafundisha kupwa na kujaa, nachora jua na mwezi ubaoni, na pwani ya Chokocho iko wazi bila mimi.

Mwaka ule miguu ya bibi yako ilipoanza kumsumbua, alitaka anioneshe mashimo yake ya pweza, yale aliyooneshwa na mamake. Nikaomba ruhusa ya siku moja. Mwalimu mkuu akanijibu mbele ya darasa: "Mwalimu mzima unaomba ruhusa ukachokoe pweza?" Watoto wakacheka. Ningeomba ya harusi ningepewa! Nikageukia ubao nikamaliza somo, lakini hata leo nikipita pale moyo hunichemka. Mwisho bibi yako alinielekeza kwa maneno tu, yuko kitandani: jiwe lenye mgongo, ukanda wa majani, shimo lenye maganda ya kaa mlangoni. Kwa maneno hayo nimeyapata machache. Mengine nayatafuta polepole, na siku nikiona mlango wenye maganda mapya, wallahi natoa takbira peke yangu mle baharini.

Sasa nikirudi kwenye kengele nitayatafuta lini? Pesa, najua. Kiinua mgongo kimeishia kwenye bati, na pensheni humalizika kabla ya mwezi. Na watoto nawakumbuka, sikufichi. Kuna asubuhi nasikia sauti zao njiani najikuta nimesimama mlangoni. Pengine mwaka mmoja tu... La. Mwaka mmoja huzaa wa pili. Watu wa Kisiwa Panza hufunga sehemu ya miamba yao miezi 3, hagusi mtu, na wakifungua wanatoa pweza waliokua, si vile vitoto tunavyovionea huruma. Wameweza kungoja na njaa wanaijua. Mimi nina muhogo uwani, nishindwe? Saa ni ya serikali, maji ni ya Mungu, na serikali nimeshaipa haki yake.

Kuhusu wewe na hiyo Dar, kutoka nyumbani alfajiri na kurudi mtoto kalala, nina neno. Sitalisema. Mna kodi, mna mkopo, na mumeo ana rai yake. Ila umeniuliza mimi kama sichoki, nami nikaona ajabu swali hilo litoke kwako. Basi, nimenyamaza.

Likizo ya Desemba mlete mjukuu wangu. Kabla hujakata tiketi ya boti tazama mwezi kwanza, mfike kabla ya bamvua, si baada yake. Na mnunulie viatu vya mpira vyenye soli nene, maana mwamba unakata.

Mama yako