Dizaina mwenzangu, hiyo karatasi usiitupe

Wiki iliyopita dogo mmoja wa chuo kanitumia meseji: "Shikamoo kaka, nimechora logo ya duka hapa mtaani wamenipa elfu thelathini, jina langu halipo popote, hivi kweli nitakuja kujulikana?" Nilikaa nayo siku mbili sijajibu, maana alinitonesha kidonda.

2016 nilichora logo ya kampuni moja ya maji ya kunywa. Wiki tatu nzima, tone la maji ambalo ndani yake kuna kuti la mnazi, nimelianza kwa penseli nyuma ya risiti za steshenari niliyokuwa nafanya kazi, ndo nikaingia nalo CorelDRAW, ile programu ya kuchorea kwenye kompyuta. Wakanilipa laki moja, nikafurahi sana, risiti nikazitupa. Mwaka uliofuata laptopu ikaibiwa, mafaili yote yakaenda nayo. Sasa mwezi uliopita nipo kwenye foleni Ubungo, lori la hayo maji likapita pembeni yangu, tone langu limejaa ubavu mzima wa lori, jamani nilijisikia! Nikapiga picha nikaposti. Haikupita saa moja jamaa mmoja akaja kwenye komenti kwamba kaichora yeye, na faili analo, akalitupia pale. Mimi nina nini? Maneno tu. Watu wakamuamini yeye. Mpaka leo nikiingia dukani naomba maji mengine.

Usiku huo nikamkumbuka Mzee Ngosha. Kama humjui, jina lake ni Francis Maige Kanyasu, na Mei 2017 vyombo vya habari vilimkuta Buguruni, Dar, anaumwa na maisha yamempiga, akisema yeye ndiye aliyechora nembo ya taifa, ile tunayoiita Bibi na Bwana. Iko kwenye pasipoti yako, toa uiangalie vizuri: pembe mbili za ndovu zimekumbatia ngao, watu wawili wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, karafuu na pamba ziko miguuni kwao. Akapelekwa hospitali ya Amana, baadae Muhimbili, na mwezi huohuo ukielekea mwisho akafariki. Hapo hapo mabishano yakapamba moto, wengine wanataja mchoraji mwingine kabisa. Mimi sio hakimu wa hilo. Kinachoniuma ni kwamba tunabishana, yani mchoro unaobebwa na nchi nzima na hatukubaliani nani aliushika kwa mkono wake.

Halafu geukia Milton Glaser, dizaina wa Marekani. 1976 yuko ndani ya teksi New York, kapata wazo, akachora kwa krayoni nyekundu kwenye kipande cha bahasha: herufi I, moyo, N na Y, yani "naipenda New York". Kazi yenyewe aliifanya bure kwa ajili ya jimbo lake. Lakini kile kipande cha bahasha hakikutupwa, leo kipo MoMA, makumbusho ya sanaa ya kisasa hukohuko New York, na alipofariki Juni 2020, siku aliyotimiza miaka 91, hakuna aliyeuliza moyo ule ni wa nani. Hela hakupata. Jina analo.

Na Carolyn Davidson, alikuwa mwanafunzi tu kama huyu dogo wangu, 1971 akachora ile alama ya Nike kwa dola 35. Thelathini na tano! Lakini ilijulikana ni yake, ndo maana 1983 kampuni ikamuita ikampa pete ya almasi na hisa. Wangemuita nani kama asingejulikana?

Sisi huku chukua hata khanga ya mama, soma pale pembeni, "Mali ya Abdulla" imeandikwa, namba ya dizaini imeandikwa. Aliyeketi akapanga yale maua na ile pindo yuko wapi? Mfanyabiashara ana jina, mchoraji hana. Na tumezoea, hiyo ndo shida, tumezoea mpaka tunaona kawaida.

Kwa hiyo dogo, na wengine wote mnaotaka kufika mbali, tunza karatasi. Piga picha ile skechi ya kwanza hata kama mbaya, andika tarehe, jitumie kwenye imeili yako. Mkiandikiana na klayenti hata WhatsApp, usifute. Tena kabla hujapokea hela muombe akuandikie mstari mmoja tu kwamba kazi hii kaifanya fulani. Wengi wetu tunaona aibu kudai jina, tunaona ni kujikweza, sio kujikweza, ni haki yako kama ile hela. Tunza karatasi narudia tena.

Na tuache kusubiri wazee wakutwe wanaumwa ndo tuwatafute. Pale mtaani kwako kuna mzee aliyekuwa anaandika mabango kwa brashi kabla ya hizi mashine za banner, herufi zake bado ziko ukutani zimepauka. Nenda kamsalimie, muulize alichora zipi, piga picha, andika jina lake chini ya picha. Mimi wa kwangu ndiye aliyenifundisha kupima nafasi kati ya herufi kwa vidole viwili, na simu nimeshampigia, Jumamosi tunazunguka naye Manzese nzima kwa miguu anionyeshe kuta zake.

Dogo kama upo free njoo, ila uje na daftari.