Maswali na Majibu: Msitu Umeungua, Wekeni Jembe Chini

Mteremko wetu karibu na kreta ya Menengai, Nakuru, uliungua na vichaka vya leleshwa vimebaki vijiti vyeusi. Tung'oe visiki tuchome makaa? (Kiamunyi)

Msing'oe. Leleshwa huwaka hata ikiwa mbichi kwa sababu ya mafuta ya majani yake, lakini uhai wake uko kwenye kisiki hicho hicho mnachokitolea macho. Mvua ikinyesha kitachipua.

Mti mwingine ukiutilia shaka, kwangua gome kwa ncha ya kisu, upana wa kucha. Ukikuta kijani au weupe wenye unyevu, u hai. Ukikuta kahawia kavu, kwangua pande nyingine tatu kabla ya kuita msumeno, maana moto hauunguzi shina sawasawa.

Majivu si mbolea? (Njoro)

Kiasi. Potasiamu na kalsiamu zimo, ila naitrojeni nyingi imekwenda na moshi. Mvua kubwa ya kwanza husomba yaliyobaki hadi mtoni.

Kikundi chetu kina miche ya mikaratusi. Tuipande mvua ya Machi ikianza? (Molo)

Mbio za nini? Za kupigwa picha? Mkaratusi ni mti wa nguzo na kuni, hauponyi msitu. Subirini msimu mmoja wa mvua, kisha mpite kwa mistari mkihesabu kilichojiotea. Mutamaiyo, yaani mzeituni wa mwituni, huchipua kisikini. Mtarakwa, ule mwerezi wa kwetu, hauchipui, lakini mbegu zake huota vizuri penye mwanga ikiwa mti mama umesalia karibu, na vijimche vyake ndivyo mnavyovikanyaga mkichimba mashimo. Pandeni pale tu pasipoota kitu, na iwe miti ya pale pale.

Kazi ya sasa ni udongo. Lazeni magogo yaliyoungua yakikingama mteremko, yaguse ardhi urefu wote, mshindilie udongo upande wa juu. Gogo likining'inia, maji hupita chini yake na kuchimba korongo. Lantana, kile kichaka vamizi, ing'oeni na mizizi ikiwa bado ndogo. Ikizaa tu, ndege wataisambaza.

Na ng'ombe wakae nje. Chipukizi likiliwa mara tatu nne, mzizi huishiwa akiba na kufa. Nimeshajibu hili mara nyingi.

Wanyama wamekwenda wapi? Tuwapelekee kabichi? (Bahati)

Kabichi kuleni wenyewe. Wenye mbio na mbawa walihama. Kobe, vinyonga na mayai ya viotani ndio walioangamia. Mwewe hata hufuata moto, wakidaka panzi wanaoukimbia. Majani mabichi yakichomoza, digidigi na sungura watarudi, lakini hawatakuwa na pa kujificha. Fungeni mbwa wenu, na kila asubuhi mtafute mitego ya waya ya wawindaji muing'oe.

Yuforbia kubwa, ule mti wa utomvu mweupe, iliyoungua shina zima itarudi?

Hapana.

Nichome malisho Januari nyasi ziote mapema? (wengi)

Kila mwaka! Zitaota, ndiyo, kwa kula akiba ya mizizi, na mvua ikichelewa utabaki na vumbi. Ule moto wa mteremkoni mnadhani ulianzia wapi?