Boma la zahanati limekwama: je, Mkoa unaweza kuiagiza halmashauri?

Swali: Mimi ni mwenyekiti wa kijiji wilayani Newala. Wananchi wamejenga boma la zahanati kwa fedha za korosho hadi kwenye lenta. Miaka miwili tunaomba fedha za kulimalizia, halmashauri hailiweki kwenye bajeti. Tukilifikisha Kamati ya Ushauri ya Mkoa, kisheria itailazimisha halmashauri?

Jibu: Ndugu Mwenyekiti, poleni. Najua kila tofali la boma hilo limetoka kwenye kilo za watu. Lakini kamati hiyo haiwezi kulazimisha. Imeundwa na Sheria ya Tawala za Mikoa, Na. 19 ya 1997, chini ya uenyekiti wa Mkuu wa Mkoa, na kazi yake imo kwenye jina: kushauri. Bajeti ya halmashauri inapitishwa na Baraza la Madiwani, ndipo inapanda TAMISEMI, wizara inayosimamia serikali za mitaa, na hatimaye Bungeni.

Mradi wenu unapita halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, kisha Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo mwenyekiti wake ni diwani wenu. Ngazi hizo zimo katika Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya), Na. 7 ya 1982. Kwenye kata ndipo miradi mingi inapofia, maana vijiji vyote vinagombea ukomo mmoja wa bajeti, yaani kiwango cha juu cha fedha kilichopangwa.

Nilipokuwa afisa mipango nilipokea mihtasari ya vijiji iliyoandikwa hivi: "Wananchi waliomba zahanati imaliziwe." Basi. Hakuna mahudhurio, hakuna makisio ya gharama, wala thamani ya nguvu za wananchi. Iliniuma, kwa sababu mradi wa namna hiyo huwezi kuutetea mbele ya kamati ya fedha hata ukiupenda.

Kwa hiyo ombeni mhandisi wa halmashauri alikague boma na awape makisio: bati, plasta, milango, choo, vyote. Ambatisheni orodha ya michango. Itisheni mkutano mkuu mapema, kabla ya Oktoba. Minada ya korosho ikishaanza, mawazo ya watu yako ghalani na akidi haitimii. Ombeni waziwazi fedha za mapato ya ndani ya halmashauri, kwa kuwa ushuru wa korosho zenu unaingia humo.

Kata ikishakaa, mwombeni mtendaji wake nakala ya muhtasari, mwone zahanati yenu imewekwa kipaumbele cha ngapi.