Watazamaji wakisema filamu ya kutisha "inaboa", msikimbilie kuongeza muziki

Mleta uzi, maelezo yako nimeyasoma yote. Filamu ya dakika 94, mjane anakaa eda kwenye nyumba ya zamani hapo Tanga, anaanza kusikia nyayo za marehemu mumewe, na mpaka mwisho hatuambiwi kama ni jini, ni marehemu au ni akili yake. Mmeonyesha watu, nusu yao wamesema "inaboa, hakuna kinachotokea", na sasa mhariri anataka kukata dakika 20 na kujaza muziki na vishindo vya kushtua. Mimi ningemzuia kwanza.

Anayelalamika kwamba filamu inaboa mara chache tatizo lake ni mwendo. Mtu huyohuyo anakaa dakika 90 kwenye mechi ya bila bila na hanyanyuki. Anachoka akiwa hajui atazame wapi, akiwa hasikii, au akiwa ameshapata jibu na anakungoja wewe ulifikie. Kukata dakika 20 hakurekebishi hata kimoja kati ya hivyo.

Naanza na hilo la jibu, maana kwa watu wa Tanga ndilo zito. Kwa watazamaji wenu wengi jini si kitu cha kubuni. Dakika ya kumi wakimwona mjane anaongea na chumba kitupu, kesi imekwisha: amepagawa. Kuanzia hapo wanangoja kisomo. Bongo Movie zimewazoesha kwamba shehe au mganga ataingia, ubani utafukizwa, jini litajitaja na kutoa masharti yake. Nyinyi hamkumleta mtu huyo kabisa, kwa hiyo kwao filamu haikuisha, ilikatika. Ile shaka mliyoijenga hawakuiona.

Msiondoe jini. Mleteni shehe mapema, kati ya dakika ya 20 na ya 25, afanye kisomo chake kwa adabu na kwa usahihi, halafu matokeo yakubali maelezo yote mawili. Usiku ule mama alale fofofo, lakini tuwe tumeshamwona wifi yake jioni akimpa vidonge viwili vya usingizi. Basi. Msimtamkishe mtu yeyote neno kuhusu vidonge. Na shehe asiwe tapeli wala kichekesho, maana mkifanya hivyo mmeshachagua upande.

Jambo jingine ni eda yenyewe. Inachukua miezi minne na siku kumi, na Tanga mjane haachwi peke yake ndani ya nyumba. Wanawake waliokaa kutazama watauliza mawifi wako wapi na nani anakwenda sokoni, na wakiwa wanajiuliza hayo hawawezi kuogopa. Msilijibu kwa mazungumzo. Mpeni binti wa ndugu anayelala naye chumba kimoja na asubuhi anakwenda shule. Huyo binti asisikie chochote usiku, na hapo mmepata shahidi anayevuta upande wa ugonjwa. Hitma ya arobaini iwekeni katikati ya filamu ili mtu ajue muda umefika wapi; sasa hivi, kwa ulivyoeleza, siku zote zinafanana.

Sasa sauti, na hapa ndipo bajeti ndogo inapoumbuka. Umesema nyayo mmezitengeneza kwa mngurumo wa hezi 40 hadi 60. Kwenye hedifoni za mhariri unatisha kweli. Kwenye spika ya simu au ya televisheni bapa haupo, kwa sababu spika hizo chini ya hezi 150 au 200 hazitoi kitu cha maana. Sehemu ya watu wenu walimtazama mwanamke anayeogopa kimya. Bakizeni mngurumo, lakini wekeni juu yake tabaka la pili linalosikika kotekote: makubadhi juu ya sakafu ya saruji yenye mchanga kidogo. Rekodini ndani ya nyumba ileile, mikrofoni sentimita 30 kutoka mguuni, kisha mara ya pili kutoka chumba cha pili mlango ukiwa umerudishwa, mpate nyayo za karibu na za mbali. Makubadhi yanafaa kuliko viatu kwa sababu nyingine pia: yanaweza kuonekana mlangoni tangu dakika ya tano, ya marehemu, hakuna aliyeyaondoa.

Kimya kisiwe sifuri. Mhariri akifuta sauti yote, watu hawaogopi, wanadhani spika imekufa, na kwenye kibanda umiza kuna mtu atanyanyuka kutikisa waya. Kila chumba rekodini sekunde 60 za utupu, friji na feni vimezimwa, watu wote wamesimama bila kusogea, na saa ileile ya tukio. Usiku wa saa mbili na usiku wa saa tisa haufanani. Kisha watumieni nyenje. Wadudu hawa hunyamaza mtu akipita karibu, na aliyekulia pwani analijua hilo hata kama hajawahi kulisema. Waacheni walie dakika nne mfululizo mpaka mtazamaji awasahau, halafu wapunguzeni taratibu kwa sekunde 15 mpaka 20 kabla ya nyayo. Hiyo inatisha kuliko kishindo chochote cha kununua. Vishindo vya kushtua vikizidi kimoja au viwili, kila kimya kinageuka kuwa onyo la kishindo kinachofuata, na mtu anaziba masikio badala ya kusikiliza.

Angalieni adhana pia. Kama ilikuwa inasikika mlipokuwa mkipiga na mmeunganisha picha mbili katikati yake, Tanga nzima itasikia kwamba imeruka. Ikiwa tukio ni la magharibi na mmebandika adhana ya alfajiri, yenye "asswalaatu khayrun minan-naum", watacheka, na mkicheka pamoja nao hamtawarudisha tena kwenye hofu.

Kuhusu tukio la jikoni ambalo wengi wamelilalamikia, dakika mbili mama anakuna nazi na kamera haisogei: msilifute. Kosa ni kwamba ndani yake hakuna kinachobadilika. Mlango wa uani uko wazi nyuma ya bega lake la kushoto, tumieni huo. Sekunde ya 20 mama aache kukuna, asikilize, aendelee. Sekunde ya 45 mwanga wa mlangoni uwe umepungua upana wa kiganja, bila kuonyesha ukipungua. Kwenye sekunde ya 80 aache tena, na safari hii sauti ya kukuna iendelee kidogo baada ya mkono wake kusimama. Msikate kwenda karibu na mlango. Mkikata mmemwonyesha mtazamaji cha kuogopa, na raha yake yote ilikuwa kukitafuta mwenyewe.

Giza ni fupi kulieleza. Ukumbi unaoonyeshea una mwanga unaovuja, kwa hiyo weusi wenu unageuka kijivu. Kila picha ya usiku iwe na chanzo kimoja cha mwanga ndani yake, chemli au koroboi, jicho lipate cha kulinganishia. Mistari inayotambaa ukutani inatokana na taa za LED za bei rahisi na umeme wetu wa hezi 50. Mkirudi kupiga, wekeni fremu 25 kwa sekunde na shata ya 1/50 ya sekunde. Ukuta wa giza unaovunjika vimiraba ni faili lililobanwa mno: ongezeni chembechembe kidogo za picha ("grain") na msishuke chini ya megabiti 8 kwa sekunde kwa picha ya 1080.

Mkirudi kupiga lile tukio la ufukweni, kumbukeni maji yanachelewa karibu dakika 50 kila siku. Baada ya siku 15 hivi mtapata bamvua, yaani maji makubwa, saa ileile, lakini mwezi mpevu utakuwa umegeuka mwandamo. Kupata maji na mwezi vyote viwili vilingane, ngojeni siku 29 au 30. Na kibali cha Bodi ya Filamu kikaguliwe kama bado kinafunika tarehe hizo.

Kisha onyesheni upya kwa watu kumi au kumi na wawili ambao hawakuiona. Msiwaulize kama wameipenda, watu wetu wana heshima na watawadanganya. Mmoja wenu akae nyuma aandike dakika ambayo simu zinawaka. Baadaye ulizeni mawili tu: dakika ya 30 ulidhani nini kitatokea, na nani mwongo kwenye hadithi hii. Wakijibu tofauti na wakabishana, filamu inafanya kazi hata kama mmoja amesema imemchosha.

Alama za watazamaji zenyewe zisiwatishe kupita kiasi, maana mara nyingi zinapima ahadi. Nchini Marekani Hereditary (2018) ilipewa D+ na watazamaji wa CinemaScore, kampuni inayowauliza watu wanaotoka ukumbini waipe filamu alama kuanzia A mpaka F, huku wahakiki wakiisifu, na bado iliingiza zaidi ya dola milioni 80 duniani kote. It Comes at Night (2017) ilipata D, na si ajabu: jina na trela viliahidi kitu kinachokuja usiku, na zimwi lenyewe halimo. Nyinyi mmefanya kosa la aina hiyohiyo. Kwenye bango ulilobandika kuna mwanamke mwenye macho mekundu na kucha ndefu. Huyo hayumo kwenye filamu yenu hata kwa sekunde moja. Mtoeni, wekeni yale makubadhi mlangoni.